Nywele za upinde wa fidla zimekatika upande mmoja, nataka kubadili mwenyewe. Gundi gani inafaa?

Kamba4

Wakuu habarini. Naomba msaada kwa wale wanaopiga fidla au wanaozitengeneza. Upinde wangu nywele zimekatika nyingi sana, na zimekatika upande mmoja tu, ule unaogusa nyuzi nikiinamisha upinde, upande wa pili bado zipo zote. Nikikaza skrubu naona fimbo inaanza kuvutwa pembeni, yani ukiifumba jicho moja ukachungulia kuanzia kwenye frogi (kile kipande cha chini kinachosogezwa na skrubu) kwenda nchani haiko tena kwenye mstari. Sauti nayo imekuwa nyembamba, rozini (ule utomvu mkavu wa kupaka nywele) napaka kila siku lakini bado inateleza.

Fundi wa hivi vitu sina karibu kwa hiyo nimeagiza fungu la nywele nyeupe za mkia wa farasi na limeshafika. Nimefungua skrubu yote nikatoa frogi, nikaona nywele zinaingia humo kupitia kipete cha chuma, na huku nchani zinaingia kwenye kitundu kidogo cha mraba kuna kipande cha mti kimezibia. Sasa nauliza, gundi gani inafaa kushikiza nywele humo ndani, supagluu au gundi ya mbao? Nywele ziwe ngapi? Lazima zitoke zote au naweza kuongezea tu upande uliopungua? Na kuna mtu kaniambia nisijisumbue, nizioshe na spiriti zitarudi kuwa mpya, ni kweli?

Randa_na_Patasi

Karibu Kamba4. Kabla hujafanya lolote hiyo gundi iweke mbali kabisa, nywele za upinde hazishikwi na gundi. Zinashikwa na fundo na kabari. Kile kipande cha mti ulichokiona nchani ndo kabari yenyewe, ndani ya frogi kuna nyingine kama hiyo, halafu kuna ya tatu nyembamba na pana imepenyezwa kwenye kipete, hiyo kazi yake kutandaza nywele ziwe utepe bapa zisikae furushi. Mtindo huu wa kipete na kabari ya kutandaza ni wa zamani, anayetajwa sana ni François Tourte wa Paris (1747–1835), na mafundi wameung'ang'ania mpaka leo sababu unafunguka. Nywele ni kitu cha kuisha, fimbo moja nzuri inaweza kuishi zaidi ya miaka mia na ikabadilishwa nywele mara nyingi mno, kwa hiyo kila kinachozishika lazima kiweze kutoka bila kuumiza mti. Ukimwaga supagluu kwenye kile kitundu cha nchani, siku ya kubadili tena mtu itabidi achimbe kwa patasi, na pale kuta za kichwa ni nyembamba sana, zikipasuka ndo basi.

Kuongezea upande mmoja haiwezekani, zote zimefungwa kwenye fundo moja. Toa zote weka mpya. Idadi ni kati ya 150 na 200 hivi, na usijaribiwe kujaza zaidi ukidhani sauti itanenepa. Zikizidi hazienei kitunduni, kabari inabana kwa nguvu ambayo haitakiwi, na upinde unakuwa mzito mbele. Upinde mzima wa fidla una uzito wa kama gramu 60 tu, kidogo unachoongeza nchani mkono unakisikia.

Hilo la fimbo kuvutwa pembeni umeliona vizuri na ni kubwa kuliko sauti. Usiukaze tena ukiwa na nywele za upande mmoja, fimbo inaweza kujipinda moja kwa moja na kuinyoosha ni kazi ya moto na ya mtu anayejua.

MwlSolfa

Nijibu la spiriti sababu wanafunzi wangu huniuliza kila mara. Spiriti inatoa uchafu na rozini iliyoganda, hasa pale karibu na frogi panapokuwa peusi kwa jasho la vidole, lakini nywele iliyokatika haioti tena na iliyovutika haijirudishi. Na spiriti inayeyusha vanishi ya fimbo, tone moja tu likitua linaacha doa. Mtu akitaka kuosha basi frogi itoke kwanza na fimbo ikae mbali kabisa na hicho kitambaa. Kwa hali uliyoeleza wewe kuosha ni kupoteza muda, badilisha.

Kwa faida ya wengine watakaosoma: anayepiga kila siku kwa masaa mengi hubadili mara mbili mpaka nne kwa mwaka, mwanafunzi wa kawaida mara moja kwa mwaka inamtosha. Usingoje zikatike. Dalili ni kwamba unapaka rozini na haishiki, au ukikaza skrubu mpaka mwisho bado zimelegea. Na nywele moja ikikatika ukiwa unapiga usiivute, ikate na mkasi karibu na kipete na karibu na ncha, ukiivuta unalegeza fundo zima na zinazofuata zinachomoka zenyewe.

Swali langu kwako Kamba4, huo upinde ni wa mbao gani na una muhuri wa fundi? Nauliza sababu kama ni pernambuco ya Brazil na una jina juu ya frogi, mimi ningekwambia usiuguse wewe, utume kwa fundi hata kama yuko mbali. Ule mti uliingizwa kwenye orodha ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini) mwaka 2007 kwa vile misitu yake imekwisha sana, na fimbo ya aina hiyo ikivunjika kichwa hata ikirekebishwa vizuri thamani inaporomoka. Upinde wa kujifunzia ni suala lingine, hapo jaribu tu.

Kamba4

Asanteni sana wakuu. Hauna muhuri wowote, mbao ni nyekundu inayoelekea kahawia, niliununua pamoja na fidla ya kuanzia kwa hiyo nadhani ni wa kujifunzia. Kabari ya nchani nimeitoa kwa ncha ya kisu ikaja nzima, haikuwa na gundi. Tatizo frogi, kile kifuniko cha chini chenye ganda la chaza hakisogei kabisa, nimebonyeza na kidole gumba mpaka kinauma. Nitumie bisibisi kukikwanyua? Halafu urefu wa nywele napimaje, nikate sawasawa na za zamani?

Randa_na_Patasi

Bisibisi hapana!! Ule ubao wa kifuniko ni mwembamba sana, unavunjika na ganda linamenyeka. Kifuniko hakisogei sababu kipete kinakizuia, anza na kipete. Piga picha kwanza uone nywele zilivyolala, maana utazirudisha vilevile. Kata nywele za zamani zote karibu na kipete, utaona ile kabari nyembamba ya kutandaza, ichomoe kidogokidogo na ncha ya kisu (hii ndo pekee ambayo baadhi ya mafundi huweka tone dogo la gundi, kwa hiyo ikigoma usishangae, ivunje vipande utatengeneza nyingine). Ikitoka, kipete kinavutika kuelekea mbele, na kifuniko nacho kinateleza upande huohuo. Kikiwa kimeshikwa na uchafu tumia kipande cha mpira mkononi upate kushika vizuri, sukuma bila kukikwanyua. Chini yake utaikuta kabari ya pili.

Hizo kabari za zamani usizitupe, ni vipimo vyako. Ukizitumia tena ni sawa kama hazijachoka, ila nywele mpya mara nyingi unene wake si uleule na ni bora kuchonga mpya. Mti wa kabari uwe laini kuliko fimbo, popla inafaa, wengine hutumia mepo. Hapa ndo panapoamua kila kitu kwa hiyo nisikilize vizuri: kabari inabana kwa urefu, yani mbele na nyuma kufuata uelekeo wa nywele, pembeni inatakiwa iguse tu. Ukiichonga ikabana pembeni unasukuma mashavu ya kichwa yafunguke na siku moja yatapasuka katikati ya wimbo. Iingie kwa kusukuma na kidole au kijiti, ukijikuta unatafuta nyundo ujue ni kubwa, itoe upunguze. Kuta za kile kitundu zimelazwa kidogo makusudi, nywele zikivutwa kabari inazidi kukaa yenyewe, haihitaji ubabe.

Sasa nywele. Chambua lile fungu kabla hujafunga, toa zilizojikunja, zenye vinundu na nyembamba sana, unataka zilizonyooka na unene unaolingana. Zile nyeupe pee mara nyingi zimepaushwa kwa dawa na zinakuwa dhaifu, rangi ya krimu ya asili si kasoro. Shika kichwa cha fungu zilingane, funga uzi imara mizunguko kadhaa umekaza kweli, kata ncha zibaki milimita moja au mbili juu ya uzi, chovya kwenye unga wa rozini kisha gusisha moto mara moja. Ncha zinavimba na rozini inayeyuka kuzishika, hapo hata moja haichomoki. Moto usipite chini ya uzi, nywele iliyoungua inakatika ukianza kukaza. Ingiza fundo nchani, weka kabari, vuta kwa mkono uone kama inashika.

Halafu kitana. Chana taratibu kutoka nchani kuja chini mpaka hakuna inayovuka nyingine, kazi yote ya kuchana ifanye kabla ya fundo la pili sababu baada ya hapo huna cha kurekebisha. Zilowanishe na maji safi kidogo zishikane zinyooke, chana tena. NA USISAHAU kukivalisha kipete kwenye nywele kabla hujafunga fundo la pili.

Urefu: za zamani usizifuate, zilishavutika. Weka frogi kwenye fimbo na skrubu yake, iwe imesogezwa mbele karibu na ngozi ya kushikia, ibaki nafasi ya milimita chache. Pima hapo, funga fundo lako liangukie kwenye kitundu cha frogi nywele zikiwa zimelala bila kuvutika. Na kumbuka umepima zikiwa na maji, zikikauka zinafupika. Nywele za farasi zinarefuka hewa ikiwa na unyevunyevu na zinafupika ikiwa kavu, hilo halina dawa ni maumbile yake, kwa hiyo unaacha nafasi. Zikiwa ndefu kupita kiasi frogi inarudi nyuma sana, skrubu inaisha njia na mizani ya upinde inabadilika, inaudhi lakini hakuna kinachovunjika. Zikiwa fupi ndo hatari, utalegeza skrubu mpaka mwisho na bado fimbo inavutwa, ikija hali ya hewa kavu usiku upinde uko ndani ya kesi (sanduku la fidla), asubuhi unakuta kichwa kimeng'oka. Mimi ukiniuliza nichague kati ya ndefu kidogo na fupi kidogo, nachagua ndefu bila kufikiri.

Baada ya fundo la pili weka kabari ya frogi, rudisha kifuniko, sukuma kipete mahali pake, tandaza nywele zienee upana wote, mwisho penyeza ile kabari nyembamba. Kaza skrubu kidogo sana, acha zikauke zenyewe, usitumie hita wala usianike juani.

Dada_Noti

Maelezo mazuri sana Randa, nayahifadhi. Mimi naongeza jambo ambalo naona halijatajwa. Kamba4 zako zimekatika upande unaopiga kwa hiyo ni matumizi tu, lakini kuna watu wanafungua kesi iliyokaa muda bila kuguswa wanakuta nywele zimekatika zenyewe zinaning'inia huku na huku, na upinde haujapigwa. Hao ni wadudu. Ni viwavi vya mbawakawa wadogo walewale wanaokula mazulia na nguo za sufu, wanapenda giza na wanakula nywele za farasi. Ukibadili nywele ukarudisha upinde kwenye kesi ileile hujafanya kitu, umewapelekea chakula kipya. Toa kila kitu, pitisha mashine ya kufyonza vumbi kwenye kila pembe ya ule mfuko wa ndani, acha kesi wazi kwenye mwanga siku kadhaa (kesi peke yake, fidla usiiweke juani hata dakika moja), na baadaye uwe unaifungua mara kwa mara. Wanaochukia mwanga hawakai.

Pia ningemshauri mtu yeyote anayeanza atafute upinde wowote mbovu ajifunzie kwanza kwenye huo. Ile pinde ya bei ya chini kabisa gharama ya kubadilishiwa nywele na fundi huzidi bei ya upinde wenyewe, kwa hiyo mwenye nao atakupa bure. Ila nyingi nywele zimegandishwa na gundi kiwandani, kabari inatoka vumbi, na kile kijicho cha shaba kinachopokea skrubu kimeshalika. Hata hivyo kufunga fundo na kuchonga kabari utajifunza, na ndo kazi yenyewe.

Kamba4

Dada Noti kesi yangu nimeikagua haina kitu, asante kwa kunikumbusha.

Nimefanya wakuu. Kifuniko kilitoka kama alivyosema Randa, baada ya kipete kuondoka kiliteleza chenyewe bila kusumbua. Fundo la kwanza lilichomoka nilipovuta, nikafunga tena kwa kukaza zaidi likashika. Kabari ya nchani nimechonga mpya, inaingia kwa kidole. Zimekauka, nikikaza skrubu fimbo iko kwenye mstari ukichungulia, nikilegeza zinalegea kabisa. Kuna nywele kama tano hivi ziko legelege kuliko wenzake, zinaning'inia pembeni. Na tatizo lingine kubwa zaidi, haitoi sauti kabisa!! Napitisha kwenye nyuzi ni kama napitisha utepe wa hariri. Nimepaka rozini mara tano sita kama ninavyofanya siku zote. Nywele mbovu nimeuziwa?

Randa_na_Patasi

Hongera sana, kupata fimbo kwenye mstari na nywele zinazolegea ndo sehemu ngumu na umeipata. Hizo tano zikate na mkasi kama za kukatika, usihangaike nazo. Mafundi huwa wanazipitisha haraka juu ya moto wa taa ya spiriti zinafupika zinalingana na zingine, lakini hilo ni la mkono uliozoea, sekunde moja ya ziada unapoteza nusu ya kazi yako. La sauti namwachia mwalimu.

MwlSolfa

Nywele ni nzima. Nywele ya farasi isiyo na rozini haitoi sauti, hata ya bei gani. Watu wanafikiri magamba madogo ya nywele ndo yanakwaruza uzi, hapana, ni rozini: inaushika uzi, uzi unavutwa kwenda na upinde mpaka unachomoka unarudi, unashikwa tena, mamia ya mara kwa sekunde, ndo sauti hiyo. Sasa nywele zako za zamani zilikuwa na rozini iliyokaa humo muda mrefu, wewe ulikuwa unajazia tu juu, ndo maana mara tano zilikutosha. Hizi hazina hata chembe.

Kwaruza kwanza uso wa rozini na msasa laini kama ni mpya inayong'aa, haiachi unga ikiwa hivyo. Kaza upinde kawaida, paka polepole urefu wote kutoka kwenye frogi mpaka nchani, kwa uvumilivu, dakika kadhaa, na zile sentimita za mwanzo na za mwisho uzirudierudie sababu mkono huwa unaziruka. Ukiwa na haraka saga kipande kidogo kiwe unga, kitandaze kwenye karatasi, pitisha nywele juu yake, kisha endelea na kipande kizima. Piga, sikiliza, paka tena. Vidole usiviguse kwenye nywele hata kwa kujaribu kuona kama imeshika, mafuta ya ngozi yakiingia hapo rozini haikai.

Siku za mwanzo zitavutika kidogo na utaona unazungusha skrubu zaidi ya jana, hiyo ni kawaida. Ila kila ukimaliza kupiga legeza mpaka nywele zilale, hasa wewe ambaye fimbo yako ilishaanza kuvutwa pembeni.

Kamba4

Nimesaga unga kama ulivyosema mwalimu, IMESHIKA. Uzi wa G unanguruma sijawahi kuusikia hivi tangu niinunue hii fidla. Asanteni sana wote, Randa kabari za zamani nimezihifadhi kwenye bahasha pamoja na ile picha kwa ajili ya safari ijayo.